Kuta za Belfast zinaongea na nani?

Kwa miaka mingi, aliyetoka katikati ya jiji la Belfast, Ireland Kaskazini, kwa miguu na kuingia mtaa wa Sandy Row alipokewa na mwanamume aliyeziba uso, bunduki mkononi, amechorwa ukuta mzima wa ubavuni mwa nyumba. Maandishi yalimwarifu mpita njia kwamba sasa anaingia Sandy Row ya watiifu, kitovu cha Belfast Kusini cha kundi la silaha la Ulster Freedom Fighters. Mwaka 2012 mchoro huo uliondolewa, na mahali pake akawekwa Mfalme William wa Tatu, aliyefariki mwaka 1702.

Watalii waliopiga picha mbele ya bunduki ile waliamini kuwa imeelekezwa kwa Wakatoliki. Lakini Mkatoliki wa Belfast hakuhitaji mchoro wa kumfukuza Sandy Row. Alilelewa akijua barabara za kupita na za kukwepa. Waliopita chini ya mtutu ule asubuhi na jioni, wakienda dukani na kupeleka watoto shule, walikuwa Waprotestanti wa Sandy Row wenyewe.

Michoro ya kisiasa ya Belfast husimuliwa kana kwamba ni matusi yanayorushwa juu ya ukuta kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Iko ya namna hiyo, lakini iliyo mingi imechorwa ndani kabisa ya mtaa, inawatazama wenyeji, na inashughulika na maswali ya nyumbani: nani mwenye mtaa, nani wa kuitwa shujaa, na msiba wa nani unaruhusiwa kuliliwa hadharani. Ukiisoma hivyo, mambo mengi yanayoonekana kama wazimu yanaanza kuwa na sababu.

Kwanza tuwajue wahusika. Kisiwa cha Ireland kiligawanywa mwaka 1921. Sehemu kubwa ilikwenda njia yake na baadaye ikawa jamhuri. Kaunti sita za kaskazini zilibaki ndani ya Uingereza, zikitawaliwa na Waprotestanti waliokuwa wengi humo na waliotaka muungano udumu. Wakatoliki wengi wa kaskazini walitaka Ireland moja. Dini hapa inaonyesha mtu katokea ukoo gani na historia gani, kuliko anavyosali. Wapo wasiokanyaga kanisa na bado kila jirani anajua ni wa upande upi. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi mkataba wa amani, uitwao wa Ijumaa Kuu, wa tarehe 10 Aprili 1998, watu zaidi ya 3,500 waliuawa, zaidi ya 1,500 kati yao ndani ya Belfast. Upande wa wanajamhuri, wanaotaka Ireland moja hata kwa silaha, kundi kubwa lilikuwa IRA. Upande wa watiifu, wanaoshikilia Taji la Uingereza kwa moyo huohuo, yalikuwepo UVF na UDA, na UDA ilipoua ilitumia jina la Ulster Freedom Fighters. Katikati walikuwepo polisi na jeshi la Uingereza, ambao nao waliua, na ambao Wakatoliki wengi hawakuwaona kuwa katikati hata kidogo.

Mchoro wa kwanza unaojulikana ulichorwa mwaka 1908 katika barabara ya Beersbridge, mashariki mwa jiji, na mfanyakazi wa kiwanda cha meli. Alichora Mfalme William akivuka mto Boyne juu ya farasi mweupe, vitani mwaka 1690 dhidi ya mfalme Mkatoliki James, siku ambayo Waprotestanti huiadhimisha kila tarehe 12 Julai. Desturi ikashika mizizi. Kila mwaka, Julai ikikaribia, farasi yule alipakwa rangi upya, mtaa ukapambwa, na wanasiasa wakaja kuzindua. Haukuwa uasi wa aina yoyote. Ilikuwa sherehe ya watu walioshika dola, na ukuta ulikuwa wao kama bunge lilivyokuwa lao.

Wakatoliki hawakuwa na nafasi hiyo. Sheria ya bendera na alama ya mwaka 1954 iliwapa polisi mamlaka ya kuondoa bendera yoyote inayoweza kuleta fujo, isipokuwa ile ya Uingereza, na kila mtu alijua inalengwa bendera ya rangi tatu ya Ireland. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1987 tu. Kwa hiyo kwa miongo sita hivi upande mmoja ulichora mchana, kwa tarumbeta, na upande wa pili uliandika usiku neno moja au mawili kwa brashi kisha ukakimbia. Tofauti hii kati ya mchoro na grafiti ni muhimu kuliko ya ufundi. Fikiria kazi yenyewe. Ukuta hukwanguliwa, hupigwa plasta palipobomoka, kisha hupakwa rangi nyeupe. Mchoraji huchukua picha ndogo, huigawa kwa miraba ya penseli, huchora miraba ileile kwa ukubwa ukutani, halafu hunakili mraba mmoja baada ya mwingine akiwa juu ya jukwaa la vyuma. Ni kazi ya siku kadhaa, mbele ya macho ya kila mtu. Hakuna anayeweza kuifanya bila ridhaa ya wenye nguvu mtaani. Grafiti inataka kopo la rangi na dakika moja ya giza. Ukiona mchoro mkubwa, basi, jua kuna mtu aliyeruhusu. Ukiona grafiti, huenda hakuna aliyeruhusu.

Agosti 1969 mambo yaliripuka. Tarehe 15 umati wa Waprotestanti uliteketeza nyumba za Bombay Street, mtaa wa Wakatoliki karibu na monasteri ya Clonard, na wanajeshi wa Uingereza wakaingia jijini. Mwezi uliofuata wakajenga uzio wa mabati na seng'enge kutenganisha Falls ya Wakatoliki na Shankill ya Waprotestanti. Jenerali Ian Freeland, aliyewaongoza, alisema uzio huo ni wa muda mfupi sana na kwamba Belfast haitakuwa na Ukuta wa Berlin. Ule wa Berlin ulianguka mwaka 1989. Wa Belfast umejengwa kwa matofali, ukaongezwa chuma, ukaongezwa wavu juu yake, na bado umesimama Cupar Way, na vizuizi vingine kwa makumi vimeota jijini, baadhi baada ya amani kutiwa saini. Mwaka 2013 serikali ya Ireland Kaskazini iliahidi kuviondoa vyote ifikapo 2023. Mwaka huo umepita na kuta zipo.

Wanajamhuri walijifunza kuchora mwaka 1981, na waliofundisha ni wafungwa. Mwaka 1976 serikali ya Uingereza ilikuwa imewanyang'anya wafungwa wapya wa makundi ya silaha hadhi maalumu iliyowatofautisha na wahalifu wa kawaida. Wakakataa sare za gereza na kujifunika blanketi. Baadaye wakakataa hata kuoga na kusafisha vyumba. Tarehe 1 Machi 1981 Bobby Sands, kiongozi wa wafungwa wa IRA katika gereza la Maze, alisusia chakula. Akiwa kitandani alisimamishwa kugombea ubunge wa Fermanagh na South Tyrone, na tarehe 9 Aprili akashinda kwa kura zaidi ya 30,000. Tarehe 5 Mei, baada ya siku 66, alifariki akiwa na umri wa miaka 27. Wenzake tisa wakamfuata mmoja mmoja hadi Agosti.

Katika miezi hiyo kuta za mitaa ya Wakatoliki ya Falls, Ardoyne na Ballymurphy zilijaa michoro kuliko wakati wowote uliotangulia. Vijana ambao hawakuwahi kushika brashi walichora wafungwa wenye ndevu na blanketi, wakiwa wamekaa mithili ya Kristo. Picha hizo hazikuwa na haja ya kumshawishi Mprotestanti wa Shankill, ambaye hakupita huko. Zilimsemesha mama Mkatoliki aliyeichukia IRA kwa mabomu yake, aliyesikia padri wake akiilaani, na ambaye sasa alikuwa akiona vijana wa jirani wakifa kwa njaa. Pigano lilikuwa la kumpata yeye. Wanajeshi walilielewa hilo. Waliirushia michoro hiyo chupa za rangi usiku, na asubuhi watu wakairekebisha.

Kisha chama cha Sinn Féin, tawi la kisiasa la wanajamhuri hao, kikaingia kwa nguvu kwenye uchaguzi, na mwaka 1983 Gerry Adams akashinda kiti cha Belfast Magharibi. Ukuta uliokuwa wa maombolezo ukawa bango la kampeni. Leo uso wa Sands unaofahamika duniani kote, wenye nywele ndefu na tabasamu, uko ubavuni mwa ofisi ya Sinn Féin, pembe ya Sevastopol Street na barabara ya Falls, pamoja na maneno yake kwamba kisasi kitakuwa kicheko cha watoto wao. Kinachosahaulika ni kwamba Sands alikulia Rathcoole, kitongoji chenye Waprotestanti wengi, na familia yake ilitishwa hadi ikahama mwaka 1972. Mtu aliyefanywa alama ya mtaa mmoja alitoka mtaa mchanganyiko uliouawa.

Baada ya IRA kusitisha mapigano Agosti 1994, wachoraji wa wanajamhuri walianza kuwaondoa watu wenye bunduki. Wakabaki wa makaburini na wa historia, na nafasi ikajazwa na lugha ya Kiireland, njaa kuu ya karne ya 19, na dunia. Kwenye ukuta unaoitwa wa mshikamano, mwanzoni mwa barabara ya Falls, alichorwa Nelson Mandela, walichorwa Wapalestina, na alichorwa Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka Marekani na kuhutubia Belfast mwaka 1845. Chama kilichokuwa kikielekea serikalini kilihitaji wanachama wake wajione kuwa ndugu wa Mandela, si wapiga risasi wa vichochoroni. Hapa pia ujumbe ulianza na wa nyumbani.

Kwa watiifu ilikuwa kinyume. Wao nao walisitisha mapigano Oktoba 1994, lakini watu wenye bunduki kutani mwao waliongezeka. Wengi hustaajabu: vipi amani ilete bunduki nyingi zaidi ukutani? Jibu liko Shankill ya chini, Jumamosi ya tarehe 19 Agosti 2000. Tawi la UDA la eneo hilo, chini ya Johnny Adair, liliandaa siku ya utamaduni. Maelfu ya wanachama walikusanyika, mfululizo wa michoro mipya ikazinduliwa, watu wenye silaha wakajionyesha. Siku hiyohiyo vurugu zikazuka nje ya baa ya Rex, iliyokuwa ya watu wa UVF. Ugomvi uliofuata uliua watu saba, na familia kwa mamia zikahama nyumba zao. Walikuwa Waprotestanti wakiwafukuza Waprotestanti katika barabara moja. Alama za makundi zilizochorwa kwenye nyumba za Shankill zilikuwa zikigawanya eneo hilo kati ya UDA na UVF, mtaa kwa mtaa, pamoja na biashara haramu na michango ya lazima iliyoambatana nazo. Mtu wa IRA angeweza kutozitazama kabisa. Mwenye duka hakuweza.

Wanajamhuri na watiifu wanajua pia kuazima heshima ya wafu wakubwa. Mwaka 1916 unafaa pande zote. Wanajamhuri wana maasi ya Pasaka ya Dublin, Aprili 1916. Watiifu wana tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya vita vya Somme, ambapo Divisheni ya 36 ya Ulster, yenye wengi waliokuwa kwenye jeshi la kujitolea la UVF la kabla ya vita, ilipoteza watu kwa maelfu. UVF ya kisasa ilianzishwa mwaka 1966 na ikachukua jina lile. Ndiyo maana utaona mwanajeshi wa Somme na muuaji wa miaka ya 1970 wamewekwa bega kwa bega, kwa maua yaleyale mekundu ya mpopi na maandishi yaleyale ya heshima. Mtu ambaye babu yake alikufa Somme hawezi kuing'oa nusu moja ya picha bila kuonekana anaitukana nusu ya pili. Naiona hii kuwa hila kubwa kuliko zote za kuta hizo, kwa sababu inamnyima mfiwa namna ya kuomboleza bila kupiga saluti kwa kundi. Hata Cúchulainn, shujaa wa hadithi za kale za Ireland, wamegawana: kwa wanajamhuri ni mfano wa waliokufa mwaka 1916, na kwenye barabara ya Newtownards watiifu wamemchora kuwa mlinzi wa Ulster, jimbo la kaskazini, dhidi ya Waireland.

Minara na bustani za kumbukumbu ni habari ngumu zaidi, kwani hapo yamo majina ya watu kweli. Chukua Jumamosi ya tarehe 23 Oktoba 1993. Wanaume wawili wa IRA, wamevaa kama wapeleka mizigo, waliingia na bomu kwenye duka la samaki la Frizzell, barabara ya Shankill. Walikusudia viongozi wa UDA ambao waliaminika kukutana ghorofa ya juu. Viongozi hawakuwemo. Bomu lililipuka mapema na kuua watu tisa, wakiwemo watoto wawili, pamoja na Thomas Begley, mmoja wa waliolibeba. Juma lile na lililofuata watiifu walilipiza kwa kuua Wakatoliki. Tarehe 30 Oktoba, katika baa moja ya kijiji cha Greysteel, walimimina risasi na kuua watu wanane.

Sasa hesabu. Shankill inahesabu waliokufa dukani kuwa tisa, na kumbukumbu zake zina majina tisa. Vitabu vya takwimu vinasema kumi. Mwaka 2013, bomu lilipotimiza miaka 20, bamba la kumkumbuka Begley lilizinduliwa Ardoyne, alikotoka. Familia za waliouawa zilisema kuwa ni kuwatonesha kidonda. Waliolizindua walisema alikuwa mwana wa mtaa na mwanachama aliyekufa kazini. Zipo kama dakika ishirini za kutembea kati ya sehemu hizo mbili. Hakuna mnara mmoja wa taifa wenye majina ya wote, kwa sababu hakuna makubaliano juu ya nani aitwe mwathirika. Amri ya kisheria ya mwaka 2006 inamhesabu kila aliyejeruhiwa au kufiwa, bila kujali alifanya nini; wapo wanaoiona hiyo kuwa ndiyo huruma, na wapo wanaoiona kuwa ni kumweka muuaji na aliyeuawa kwenye mizani moja. Nimewasoma wa pande zote na siwezi kumwambia mama aliyezika mtoto wa Shankill kwamba amekosea hesabu yake. Siwezi vilevile kumwambia mama wa Begley asiweke maua. Ninachoweza kusema ni kwamba bamba la hadharani si maua ya mama. Linawekwa na wenzake, kwa sherehe, kwa ajili ya kuthibitisha kwamba vita vyao vilikuwa vya haki.

Zipo kumbukumbu ambazo kweli zinatazama nje, na zinazotazamwa ni serikali. Tarehe 4 Desemba 1971 UVF iliweka bomu mlangoni mwa baa ya McGurk, kaskazini mwa jiji, likaua Wakatoliki 15. Saa chache baadaye zikaenea taarifa kutoka upande wa usalama kwamba bomu lilikuwa la IRA na lililipukia ndani. Familia zikazika watu wao huku majirani wakinong'ona kuwa walikuwa watengeneza mabomu. Mwanachama wa UVF alihukumiwa kwa shambulio hilo mwaka 1978, na mwaka 2011 mkaguzi wa malalamiko dhidi ya polisi alisema uchunguzi wa awali uliegemea upande mmoja. Kumbukumbu iliyopo hapo, chini ya daraja la barabara kuu lililojengwa baadaye, ni ya kusafisha majina. Ballymurphy, magharibi, ni hivyohivyo: watu kumi walipigwa risasi kati ya tarehe 9 na 11 Agosti 1971, na picha zao zikawekwa kutani miaka mingi kabla ya mahakama ya uchunguzi wa vifo kutamka, Mei 2021, kwamba wote hawakuwa na hatia. Familia zilitumia ukuta kwa miaka mingi kama daftari la kesi iliyokataliwa kusikilizwa.

Msomaji wa Kenya ana sababu ya kusimama hapa kidogo. Kamanda wa brigedi ya jeshi iliyoshika Belfast kuanzia 1970 hadi 1972 alikuwa Frank Kitson, ambaye alijijengea jina Kenya katika miaka ya 1950 kwa kuunda magenge bandia ya Mau Mau: wapiganaji waliokamatwa, wakageuzwa, wakarudishwa msituni kuwawinda wenzao. Na mwaka 1971, wanaume 14 waliokamatwa bila kesi walifunikwa vichwa kwa magunia, wakasimamishwa ukutani kwa saa nyingi, wakanyimwa usingizi na chakula, wakipigiwa kelele mfululizo. Ripoti ya tume ya Parker ya mwaka 1972 ilikiri kwamba mbinu za namna hiyo zilitumika kabla katika Palestina, Malaya, Kenya na Cyprus. Wanajamhuri wanapochora Afrika kwenye kuta zao, wengine huona ni pambo. Kwa jambo hili si pambo. Ni jeshi lilelile, na kwa Kitson ni mtu yuleyule.

Grafiti nayo ina kazi zake. Herufi KAT, kifupisho cha wito wa kuua Wakatoliki wote, huandikwa na vijana kwenye mipaka, na upande wa pili wana yao inayofanana. Ni chuki tupu. Mawe ya kingo za barabara, yaliyopakwa nyekundu, nyeupe na buluu au kijani, nyeupe na chungwa, humjulisha dereva aliko bila maneno. Lakini grafiti huweza pia kutangulia siasa rasmi. Mwanzoni mwa 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya na ukaguzi wa bidhaa kuwekwa kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza, maandishi ya kupinga mpaka wa baharini yalijaa maeneo ya watiifu. Februari ukaguzi bandarini ulisitishwa kwa muda kwa hofu ya usalama wa wafanyakazi. Aprili vijana walipigana kwenye lango la Lanark Way, kati ya Shankill na Springfield, na basi likachomwa. Aliyekuwa akisoma kuta hakushtuka sana.

Na grafiti ni silaha ya asiye na ruhusa. Tarehe 18 Aprili 2019 mwandishi wa habari Lyra McKee alipigwa risasi na kufa katika mji wa Derry, wakati wanajamhuri waliopinga mkataba wa amani walipokuwa wakiwafyatulia polisi. Siku chache baadaye rafiki zake walikwenda kwenye jengo la chama cha Saoradh, kinachohusishwa na kundi hilo, wakachovya viganja katika rangi nyekundu na kuvigandamiza kwenye ukuta wake, mchana, wanachama wa chama wakiwa wamesimama wanatazama. Jengo lile lilikuwa na michoro ya kusifu mapambano. Sijui tukio lolote lililovunja mamlaka ya ukuta kwa ujasiri kiasi kile.

Serikali ilijaribu njia ya fedha. Mwaka 2006 Baraza la Sanaa la Ireland Kaskazini lilianzisha mpango wa pauni milioni 3.3 wa kubadilisha sura za mitaa. Watu wenye bunduki wakapisha mwanasoka George Best, mwandishi C. S. Lewis, meli ya Titanic iliyojengwa humo mjini, na wafalme wa zamani kama yule wa Sandy Row. Ulifanikiwa kwa kiasi, na mtoto anayeamka akamwona Best badala ya muuaji kapata jambo la maana. Ila kila ukuta ulihitaji mazungumzo na wale wenye mtaa, kwa hiyo fedha za umma zilipita mikononi mwao au chini ya macho yao. Tena ruhusa inayotolewa huweza kurudishwa. Septemba 2013, katika mtaa wa Inverary Drive, mashariki mwa jiji, George Best alifutwa na mahali pake akatokea mwanamume wa UVF, uso umezibwa, bunduki mkononi. Ilikuwa miezi tisa baada ya baraza la jiji kuamua, tarehe 3 Desemba 2012, kwamba bendera ya Uingereza ipepee kwenye jumba lake siku maalumu tu, uamuzi ulioamsha maandamano ya watiifu ya miezi. Ungetarajia hasira hiyo iandikwe kwenye jumba la baraza. Ilimalizikia kwa wakazi waliokuwa wameanza kuzoea kuishi bila bunduki ubavuni mwao.

Watalii wameongeza utata. Teksi nyeusi, zilizoanza kubeba watu wa mitaani mabasi yalipokuwa yakichomwa, sasa hubeba wageni, na wafungwa wa zamani wa pande zote huongoza ziara. Mgeni hupewa kalamu, huandika neno la amani kwenye ukuta wa Cupar Way, kisha huondoka. Siwalaumu, ni kipato halali na simulizi wanazotoa ni za watu waliokuwepo. Tatizo ni kwamba mchoro uliokuwa ukielekea kufifia sasa una sababu ya kibiashara ya kupakwa upya, na simulizi inayouzika ni ya wapiganaji. Wanawake waliosimamisha familia wakati waume zao wako gerezani, watu waliooa ng'ambo ya mpaka wa dini, waliopigwa risasi za magoti na kundi la mtaa wao wenyewe: hao hutawaona sana kutani. Katikati ya jiji, ambako hakuna kundi lenye mtaa, wasanii wapya wamechora mambo mengine kabisa, kama mtoto wa mwaka 2014 kwenye Talbot Street aliyebeba njiwa aliyechomwa mishale. Ni kazi nzuri. Lakini huko hakuna anayelala.

Mwaka 2016 iliundwa tume ya bendera, utambulisho, utamaduni na mila, itafute utaratibu unaokubalika wa mambo haya yote. Ripoti ilitolewa Desemba 2021, baada ya kutumika zaidi ya pauni 800,000, ikiwa na masuala mazito yaliyobaki bila mwafaka, na vyama vikuu havikukubaliana mpango wa kuitekeleza. Vyama vilizungumza na vyama, pande na pande, kana kwamba mgogoro wote uko kati ya Falls na Shankill. Mimi naona pa kuanzia ni pengine. Nyumba nyingi zenye michoro ni za kupanga, mali ya shirika la umma la nyumba lililoanzishwa mwaka 1971, na lina orodha ya wapangaji wake na anwani zao. Kura ya siri ya mtaa mmoja mmoja, ikisimamiwa na watu wasiotoka hapo, mpangaji akiulizwa anataka nini ubavuni mwa nyumba anayoilipia kodi, ingegharimu kidogo kuliko tume ile. Baadhi wangechagua bunduki ibaki. Nadhani ni wachache kuliko kuta zinavyodai, na ndiyo maana sitarajii wenye mtaa waikubali upesi.